Kasuku Kasema Anakuja

Saa moja jioni, bwana mzima, aliyeshinda ofisini akiamrisha watu, yuko juu ya kiti cha plastiki anambembeleza ndege aliyetua kwenye fimbo ya pazia. "Njoo, baba, njoo ulale." Kasuku anainamisha kichwa, anamkagua kwa jicho moja, kisha anajibu kwa sauti ya mkewe bwana, haikosei hata chembe: "Nakuja!" Haji.

Wajuzi wanasema kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Asikimbizwe; kitafunio akipendacho akikute tunduni jioni tu. Ushauri mzuri, tena tumeufuata. Kasuku wetu wa kijivu huingia kwa adabu zote, akadaka njugu yake, akatoka kabla mkono haujafika mlangoni, akaenda kuibangua palepale juu. Maganda yanaangukia kipara cha mfadhili.

Hatimaye huingia, tukishachoka sisi. Tundu linafunikwa kanga, taa zinazimwa. Kimya. Kisha kutoka chini ya kanga, sauti ileile ya mama: "Mlango umefunga?"

Bwana anaamka kwenda kuangalia. Mara ya tatu leo.