Ndege Yupi, Ndege Ipi? Namna ya Kuhesabu Safari ya Muscat hadi Mitole

Mjukuu amepiga simu kutoka Muscat: anakuja nyumbani Mitole, wilayani Kilwa. Bibi ameshamchagua jogoo, swali limebaki moja tu: achinjwe lini?

Anza kwa kuuliza kilomita zinahesabiwa kwa ndege yupi, au kwa ndege ipi. Ndege yupi ana mabawa na hana begi. Akinyoosha moja kwa moja, Muscat hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 4,000. Ndege ipi ina mabawa na foleni ya mizigo, na hukaa hewani saa tano na ushee.

Halafu tengeneza saa. Muscat imetangulia Dar kwa saa moja, kwa hiyo ukitoa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika kama tiketi ilivyoandika, safari itapungua saa nzima ambayo mjukuu ameikaa kitini. Na 08:00 ya tiketi ni saa mbili asubuhi. Ukimsomea bibi “saa nane”, umempoteza kwa saa sita, na mchuzi wa jogoo haungoji saa sita.

Usidharau upepo. Watu wa pwani hii walipanga safari kwa kaskazi na kusi, na walikuwa sahihi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, akafika Calicut, India, chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakungoja upepo ugeuke: alisota baharini karibu miezi mitatu, akazika mabaharia wengi. Maji yaleyale, masafa yaleyale!

Sasa Dar hadi Kilwa. Ndege ndogo zinazotua Kilwa Masoko zina kilomita 230 hivi za kuruka, lakini wengi wetu tunapanda basi, nalo lina zaidi ya 300 za lami. Shukuru Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na pantoni ndiyo iliyoamua utalala wapi. Hata hivyo uliza habari za mvua. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, abiria wakakwama na mizigo yao. Kilomita hazikuongezeka hata moja.

Kipande cha mwisho usikitafute kwenye ramani. Mpigie bodaboda wa Nangurukuru, anaposhukia mjukuu, yule mwenye tope lililokauka hadi magotini, umuulize: “Kaka, njia ya Mitole inapitika?” Akisema “inapitika”, muulize na muda. Akisema “njoo tu, tutafika”, bibi aongeze kuni.

Jogoo aachwe adonoe uani mpaka simu ilie na mjukuu aseme kwa sauti ya vumbi: “Bibi, shikamoo, nimeshuka Nangurukuru.” Hapo akamatwe.