Glasi Nane za Maji Mugoma

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban lita mbili hadi tatu za maji kwa siku, yakijumlishwa ya kunywa, ya kwenye chakula na ya kwenye chai. Jibu hilo ni sahihi, na halimridhishi mtu yeyote. Watu wanataka namba ya kushika, na namba waliyopewa ni glasi nane. Imefika mpaka Mugoma, wilayani Ngara, kwa simu, kwa redio na kwa ndugu wanaorudi likizo kutoka mjini wakiwa na chupa mkononi, na ilipofika imeleta mikasa ambayo wenye namba yao hawakuifikiria. Waliotoa ushauri walihesabu maji yanayoingia. Yanayotoka wakamwachia kila mtu ajue mwenyewe.

Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku, mililita moja kwa kila kalori anayokula. Papo hapo bodi ikaeleza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Maelezo ya kwanza yakazunguka dunia, ya pili hayakupata nauli. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa Chuo cha Dartmouth, aliusaka ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa watu wenye afya wasiofanya kazi ngumu wala kuishi kwenye joto kali. Hakuupata. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu 5,604 kutoka nchi 23, wakiwemo wachanga wa siku chache na wazee wa miaka zaidi ya 90, na ikaonekana kwamba mahitaji yanapishana mno kwa umri, kazi, hali ya hewa na ujauzito. Namba moja kwa watu wote haipo.

Mlo wa kawaida wa Mugoma unabeba sehemu nzuri ya mzigo huo. Maharage yaliyoiva ni theluthi mbili maji. Ndizi za kupika zinakaribia hapo hapo, mchicha uliochemshwa unapita asilimia 90, na hata ugali, pamoja na sifa yake ya kumkaba mtu kooni, una maji mengi kuliko unga. Chai ya asubuhi inahesabika. Kahawa pia, maana maji inayoyatoa kwa kukojoza ni machache kuliko inayoyaingiza. Rubisi ndiyo yenye mjadala mrefu vilabuni. Pombe hii ya ndizi ni maji kwa sehemu kubwa, na wapo wanywaji ambao wakisikia habari ya glasi nane hudai kuwa wao walishazimaliza kabla ya jua kuzama. Hoja yao ina kasoro moja: kileo huizuia homoni inayoziamuru figo zitunze maji, kwa hiyo mnywaji hutoka nje usiku kucha, kisha alfajiri huomba maji kwa mke yule yule aliyemwonya jioni.

Glasi yenyewe nayo ni utata. Inayotajwa kwenye ushauri ni ya mililita 240 hivi, nane zikiwa lita 1.9. Katika nyumba nyingi vijijini glasi hukaa kabatini ikisubiri wageni, na wenyeji hunywea kikombe cha plastiki kilichofunikwa juu ya ndoo, ambacho aghalabu hujaa nusu lita. Mwenye kutii ushauri kwa kikombe hicho anajikuta na lita nne, na tumbo lake husikika kabla ya hodi yake.

Mwili, kwa bahati, hausubiri matangazo ya redio. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazopima ukolezi wa chumvi kwenye damu. Ukolezi huo ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, kiu inaamka na homoni ya kutunza maji inaongezeka. Figo huchuja lita kama 180 kwa siku na kurudisha mwilini karibu zote, kwa ukali wa karani wa chama cha msingi anayepima kahawa. Maji yasiyohitajika hayabaki mwilini kuongeza afya. Yanatafuta mlango.

Na mlango ndio mtihani, hasa safarini. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi huondoka gizani. Msafiri aliyemaliza glasi tatu kabla ya kupanda, kwa nia njema kabisa, huanza kuuliza habari za kusimama kabla ya Nyakanazi. Konda humjibu “bado kidogo”, kipimo ambacho hakijulikani na wizara yoyote. Hatimaye dereva akisimama porini watu wachimbe dawa, wanaume wanashuka upande mmoja na wanawake mwingine, kila mtu akijifanya hamjui jirani yake wa kiti. Wenye uzoefu wameupata ufumbuzi wao: hawanywi chochote tangu jana yake. Ufumbuzi huo ni mbaya. Hufika wakiwa na kichwa kinachogonga na mkojo mzito, na wenye historia ya mawe ya figo hujiongezea hatari. Kunywa kidogo kidogo njiani kunatosha, na abiria wote wakipiga kelele pamoja dereva husikia.

Usiku wa kiangazi nao una yake. Choo kiko nyuma ya migomba, baridi ya Julai katika vilima vya Ngara haina huruma, na mbwa wa jirani hamtambui mtu aliyejifunika blanketi. Anayekumbuka saa mbili usiku kwamba amebakiza glasi nne na kuzimaliza kwa mkupuo atawaamsha watu wa nyumba mbili. Maji ya jioni sana hayana faida ya pekee. Mchana ndio wakati wake.

Kisha kuna mchotaji, ambaye wahesabu glasi humsahau. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa kila mtu wa kijijini kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Kwa familia ya watu sita hizo ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20, na kila ndoo ikijaa ina kilo 20 za maji kichwani. Glasi nane kwa watu hao sita peke yake ni zaidi ya nusu ndoo. Chemchemi iko bondeni na nyumba ziko mlimani, kwa hiyo mama au binti anayepandisha ndoo hutoa jasho ambalo linahitaji maji mengine. Baba anayesifia faida za maji akiwa kibarazani angefaa kupewa dumu.

Kunywa kupita kiasi pia hudhuru. Figo za mtu mzima huweza kutoa takriban lita moja kwa saa. Zaidi ya hapo chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, akili inavurugika, na mtu anaweza kufa. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa katika mbio za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa na upungufu huo.

Wanaohitaji kuongeza maji ni mama anayenyonyesha, mtu anayelima juani, mwenye homa na mwenye kuharisha. Huyu wa mwisho anahitaji chumvi na sukari pamoja na maji. Wazee hawapaswi kungoja kiu, kwa sababu kwao huchelewa. Wengine wautazame mkojo: wa njano iliyopauka unaonyesha maji yanatosha, wenye rangi ya chai ya rangi unadai kikombe, isipokuwa kwa anayetumia dawa zinazoubadilisha, kama zile za kifua kikuu. Na maji ya kisimani, yawe glasi mbili au nane, yachemshwe kwanza.