Hongera, Mwalimu wa Chekechea

Walimu wa chekechea wa Rangwe wasilalamike. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto; tume ya walimu, TSC, humsajili mwalimu, kaunti humwajiri. Ukiuliza cheo huku, unaelekezwa kule. Nani mwingine ana wakubwa wengi hivyo wa kumjali?

Masharti ya kupandishwa cheo nayo ni ya haki tupu. Mwenye cheti huambiwa alete diploma. Mwenye diploma huulizwa miaka ya kazi. Mwenye miaka huulizwa kama ana ajira ya kudumu. Aliyetimiza yote huarifiwa kwa upole kwamba bajeti haijaruhusu. Hakuna anayebaguliwa.

Isitoshe, kupandapanda ni tabia ya kitoto: mwaka huu PP1, mwakani PP2, kisha gredi ya kwanza, bila hata barua ya bodi ya ajira ya kaunti. Mwakilishi wadi naye hugeuka mbunge kwa kura za siku moja. Mwalimu ni mtu mzima, ana subira. Aliowashikisha kalamu 2013, kaunti zilipoanza, wanaelekea umri wa kitambulisho. Awangoje tu: mmoja wao akiingia kwenye bodi, huenda akaisoma faili yake. Kusoma, angalau, alimfundisha yeye.