Fromaji Zenye Ndevu

Mbao nne za baba mdogo zilitoka msitu wa Walikale zikalala njiani majuma matatu, Fuso imezama matopeni na mvua inazipiga usiku na mchana. Zilipofika kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, zilikuwa na madoa ya bluu ya kijivu na mistari myeusi iliyopindapinda. Mnunuzi akazigonga kwa kidole, akasema, "Hizi zimeoza," akapanda pikipiki yake akaenda.

Mimi ndiye niliyemzuia baba mdogo asizipasue kuni. Nilikuwa nimesoma habari za Profesa Seri Robinson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, anayefuga kuvu wa mbao maabarani kwa makusudi ili wamtolee rangi. Mmoja, Chlorociboria, hutoa kijani cha samawati kiitwacho zailindeini. Mwingine, Scytalidium cuboideum, hutoa nyekundu. Mafundi wa Italia wa karne ya 15 walizitafuta mbao za kijani hicho wapambie kazi zao. Na ile mistari myeusi ni mpaka: kuvu wawili wakikutana ndani ya mti, kila mmoja hujijengea ukuta. Mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa zaidi. Habari za mipaka ya shamba tumezaliwa nazo.

"Baba mdogo, hii ni mali."

"Mali gani? Umeona nani ananunua uozo?"

Kilichonipa moyo wa kufuga kuvu wangu ni kwamba chakula kimojawapo cha kuvu maabarani ni mchuzi wa viazi, na viazi Masisi havikosekani. Nilichemsha, nikachuja, nikatia sukari, nikamimina katika chupa tano za mayoneze, kila moja na vichane vya ule ubao. Wenzangu wa maabara huua vijidudu kwa sufuria ya presha inayofika nyuzi 121. Ya mama ni ya kawaida, ya kupikia maharage, na huku milimani maji yake hayafiki hata 100. Nikajiambia tofauti hiyo ni ya kusamehe. Haisameheki: zipo mbegu za vijidudu zinazokaa katika maji yanayochemka kama wageni wa arusi, zikingoja chakula.

Kisha nikatafuta mahali penye giza na ubaridi. Nyumbani mahali hapo ni pamoja tu, chini ya ubao ambao mama anaivishia fromaji zake, yaani jibini.

Siku ya sita chupa zote zilikuwa na manyoya ya kijani, yale yale ya mkate uliosahauliwa. Kuvu wa rangi kama Chlorociboria huchukua miezi kukua. Wangu alikuwa bado usingizini, ukungu wa jikoni umeshamaliza mchuzi. Nikafungua chupa moja ninuse. Vumbi la kijani likaruka.

Juma lililofuata mama aliniita. "Papa," alisema. (Kwetu mama humwita mwanawe papa kwa mapenzi, lakini akilisema polepole namna ile, tafuta mlango.) "Fromaji zangu zimevaa nini?"

Fromaji saba za duara, zote zimeota ndevu. Nilimweleza kwamba Ufaransa kuna fromaji iitwayo Roquefort, wanaitia kuvu wenyewe na inauzwa ghali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wapelekee Wafaransa."

Zile saba ninazilipa kidogo kidogo, na sufuria nimekatazwa hata kuiosha. Mbao tatu ziliishia jikoni. Ya nne baba mdogo aliipiga randa akaifanya benchi, na kila mgeni anauliza ile mistari ilichorwa na nani. Nawe ukiona fromaji ya kijani pale soko la Virunga, Goma, usinitafute: zetu zote zililiwa na nguruwe wa jirani.