Mwayo wa Meza Kuu

Mgeni rasmi alikuwa kwenye ukurasa wa 12 wa hotuba pale mwenyekiti wetu, aliyeketi meza kuu, alipopiga mwayo hadi jino la dhahabu likaonekana. Safu ya mbele ikafuata, kisha ya pili, kisha wapiga ngoma. Shuleni tuliambiwa ni upungufu wa oksijeni. Mwaka 1987 mtafiti Robert Provine wa Marekani aliwapa watu wavute oksijeni tupu, miayo haikupungua. Kuambukiza, ndiyo, huambukiza: hata sokwe hupokezana. Mtoto mchanga hupiga yake, ya mwenzake hana habari nayo. Kwa hiyo, mheshimiwa, usituagize tufungue madirisha. Yako wazi tangu asubuhi. Funga hilo faili, chakula kinapoa.