Sifa za Povu

Katika somo la algoriti na miundo ya data hakuna anayetukanwa kama upangaji wa povu, ambaye kwa heshima nitamwita Povu. Donald Knuth, ambaye vitabu vyake ni msahafu wa fani hii, hakumwachia sifa nyingi zaidi ya jina linalovutia. Mwaka 2007 Barack Obama, akiwania urais wa Marekani, aliulizwa katika ofisi za Google namna bora ya kupanga namba milioni moja. Akajibu kwamba Povu ndiye asiyefaa, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata mwanasiasa alijua wa kumsema! Tunaambiwa shukrani ya punda ni mateke, lakini hapa mateke anapigwa punda mwenyewe.

Leo mimi ni wakili wake, na shahidi wangu ni kitunguu saumu, zao linaloitambulisha Mbulu. Panga vichwa vinne juu ya gunia, vyenye upana wa sentimita 5, 3, 6 na 4. Tazama viwili vya mwanzo: 5 kimekitangulia 3, vibadilishane. Kisha 5 na 6, viache. Kisha 6 na 4, vibadilishane. Sasa una 3, 5, 4, 6, na kikubwa kuliko vyote kimefika mwisho. Rudia: 5 na 4 vinabadilishana, basi, vimekaa sawa. Raundi ya tatu haibadilishi kitu, na hiyo ndiyo inayomwambia Povu akae chini. Angalia adabu yake: hamgusi asiye jirani, wala haombi gunia la pili, tofauti na upangaji wa kuunganisha aliobuni John von Neumann mwaka 1945, ambao kwa kawaida hudai nafasi ya ziada. Tena ana haki. Ukimpa ng'ombe wa mnadani Hanang awapange kwa bei, wawili wa bei moja hawapangui. Aliyetangulia kufika anabaki mbele. Mtaani kutoa povu ni kufoka, lakini sijaona mpole kama huyu.

Watasema ni mzito, nami sibishi. Kichwa kikubwa kilicho mwanzoni hukimbia hadi mwisho kwa raundi moja, ila kidogo kilicho mwishoni hurudi hatua moja tu kila raundi. Wanafani huviita sungura na kobe, na safari hii kobe ndiye anayewachelewesha wote. Lakini mpe orodha ambayo tayari imenyooka, vichwa 1,000, uone: atalinganisha mara 999 na kuacha. Watasema pia kwamba upangaji wa kupachika ni mwepesi kujifunza vilevile, nao kwa kawaida humshinda mbio. Hapo wakili analazimika kukohoa kidogo. Hata hivyo, kasi siyo kazi niliyomwajiria Povu. Kazi yake ni kumwonyesha mwanafunzi aliyetoka Katesh au Haydom, akiwa mwaka wa kwanza chuoni, uzito wa hesabu anaoambiwa kila siku bila kuuhisi. Vichwa 10 vinaweza kudai milinganisho 45; vichwa 100, milinganisho 4,950. Mzigo umeongezeka mara kumi, jasho limeongezeka zaidi ya mara mia, na hakuna mahali pa kuificha aibu hiyo, maana kila hatua imefanyika mbele ya macho. Algoriti werevu huficha gharama zao nyuma ya ujanja. Huyu anazianika kama nafaka juani.

Sasa mpe vichwa milioni moja. Vikiwa vimevurugika vibaya, vitadai milinganisho karibu bilioni 500, na mtu anayelinganisha jozi moja kila sekunde, bila kulala, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 15,000. Mwanafunzi anayefika hapo huuliza mwenyewe, bila kusukumwa na mhadhiri, kama hakuna njia nyingine. Ipo: kwa ile ya von Neumann milinganisho haizidi milioni 20, na mtu yuleyule angemaliza kabla ya miezi minane kwisha. Vitunguu, bila shaka, vingekuwa vimeshachipua.