Heko kwa Mpanga Safu

Ndani ya kihariri cha msimbo yumo mtumishi ambaye hajawahi kupewa hata asante. Kila ukihifadhi faili, huipitia orodha ya parameta zako, akatafuta aina yenye jina refu kuliko zote, kisha akazijaza nyingine nafasi tupu mpaka majina yote yasimame wima kwenye safu moja. Hatumwi, hachoki, na huruma hana.

Mtazame kazini. Una funksheni ya lugha ya C yenye parameta tatu, kila moja na mstari wake: int umri, float uzito, double mshahara. Zimetulia. Chomeka ya nne katikati: unsigned long long kitambulisho. Jina hilo la aina linakula nafasi 18. Basi int, maskini wa herufi tatu, anatengewa nafasi 16 za bure kabla ya kukutana na umri wake, na jicho la msomaji lipige safari. Wewe umeongeza mstari mmoja. Orodha ya mabadiliko inaonyesha minne. Nani mwingine ofisini atakuzidishia kazi mara nne bila kudai posho?

Fadhila zake haziishii hapo. Mwenzako aliyekuwa akigusa parameta ya pili kwenye tawi lake atakumbana na mgongano siku ya kuunganisha, na nyinyi ambao hamjasalimiana tangu Idi mtalazimika kuongea. Miezi ikipita, hitilafu ikazuka kwenye mstari wa mshahara, amri ya git blame italitaja jina lako, wewe ambaye pale hukuongeza chochote ila hewa. Umaarufu wa namna hiyo wengine huutafuta kwa fedha.

Wenye wivu hawakosekani. Mwongozo wa Python uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, unakataza kurundika nafasi ili alama za usawa zilingane. (Ni watu hao hao wanaohesabu nafasi mwanzoni mwa kila mstari, lakini tuyaache.) Programu ya clang-format inamfahamu vizuri, ila katika mtindo wa LLVM amelazwa mpaka umwamshe mwenyewe. Waliomtunza kwa heshima yake ni watu wa Go, lugha iliyotangazwa mwaka 2009: gofmt yao huzipanga sehemu za struct kwa safu, wala haina swichi ya kuzima mpango huo. Huko ubishi umekwisha. Si kwamba watu wamekubaliana, ni kwamba hakuna wa kumlalamikia.

Ombi langu ni moja tu. Git inayo alama ya -w, inayoficha mabadiliko ya nafasi tupu. Ukiiweka, mistari yetu minne inarudi kuwa mmoja. Tafadhali, mkaguzi wa msimbo asiambiwe.